Nani Aliufungua Mlango wa Makupa?

Anayetoka kisiwani Mombasa kwa barabara ya Nairobi hupita mzunguko wa Makupa, akavuka daraja, na kabla hajaanza kupanda kuelekea Changamwe anakuwa ameshaiacha Kibarani nyuma. Wengi hawaitazami. Kwa miaka mingi waliijua kwa pua tu: hapa ndipo lilipokuwa jaa la taka la mji, na abiria wa matatu walivuta vioo na kujiziba kwa ncha za leso mpaka harufu ipite. Jina lenyewe ni la kiasi, kijibara, ncha ya bara inayokitazama kisiwa. Lakini kimojawapo cha visa vikubwa katika historia ya Mvita, yaani Mombasa, kilipita kwenye maji haya membamba, na waliokisimulia hawajapata kuafikiana: si juu ya nani alikuwa mwema tu, bali hata juu ya kilichotokea.

Kabla ya reli na lami, Makupa palikuwa kivuko cha miguu. Bahari ilipokupwa, hasa siku za bamvua, maji baina ya kisiwa na bara yalishuka hadi mtu akaweza kuvuka bila chombo. Kisiwa kilikuwa na milango yake ya baharini. Mlango wa nchi kavu ulikuwa huu, na kila aliyeitawala Mombasa alijua kwamba usingizi wake unamtegemea anayeulinda.

Mwezi Machi 1589 walinzi walikuwa merikebu mbili za makasia za Kituruki.

Aliyezileta ni Mir Ali Bey, nahodha aliyetoka katika milki ya Uthmaniya upande wa Yemen. Alikuwa ameshafika pwani hii mara moja, kati ya 1585 na 1586, na miji iliyochoshwa na Wareno, Mombasa ikiwa mbele, ilimpokea kama mtu aliyekuwa akingojwa. Safari ya pili alikuja na merikebu tano, akajenga ngome ndogo kwenye lango la bandari, akapanga mizinga. Malindi haikufurahi. Tangu Vasco da Gama alipotia nanga kwao mwaka 1498, Wamalindi walikuwa rafiki wa Wareno na mahasimu wa Mombasa, na habari za Waturuki zikapelekwa mbio hadi Goa, makao makuu ya Wareno kule India.

Huku nyuma, upande wa bara unaoelekeana na kisiwa, lilikuwa limepiga kambi jeshi kubwa la watu waliotoka kusini. Vitabu vya Kireno vinawaita Wazimba. Ndiyo maana merikebu mbili ziliwekwa Makupa badala ya kutazama bahari kuu. Watu wa Mvita walikuwa wamebanwa kati ya hofu mbili, moja itokayo majini na nyingine itokayo nchi kavu.

Tarehe 5 Machi ikaingia ile ya majini: vyombo vipatavyo 20 kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho. Ngome ya Waturuki haikuhimili. Merikebu zikatekwa, na zile za Makupa pia. Mlango ukabaki bila bawabu. Baada ya siku chache Wazimba wakavuka, tena baada ya mkuu wao kuwasiliana na jemadari wa Kireno na kupewa njia. Watu wa mji wakakimbilia pwani, wakajitosa baharini wakiogelea kuelekea vyombo vya wale wale waliokuwa wakiwapiga jana yake. Wengine waliokotwa, Mir Ali Bey mwenyewe akiwa miongoni mwao. Wengine walizama. Nahodha huyo alipelekwa Goa na baadaye Ureno, ambako alibatizwa.

Mpaka hapo ubishi ni mdogo. Unaanza pale msomaji anapouliza mambo mawili mepesi: wale waliovuka walikuwa kina nani, na ni nani aliyewafungulia?

Maelezo mashuhuri kuliko yote yaliandikwa na padri Mdominiko, João dos Santos, aliyefika Msumbiji mwaka 1586 na kuishi miaka mingi Sofala na sehemu nyingine za kusini. Kitabu chake, Ethiopia Oriental, kilipigwa chapa Évora, Ureno, mwaka 1609. Siku ya kisa cha Makupa hakuwepo Mombasa. Aliyoandika aliyasikia. Kwa mujibu wake, Wazimba walikuwa walaji watu waliotoka pande za mto Zambezi, wakaongezeka njiani hadi kupita 15,000, wakila kila chenye uhai walichokikuta.

Ndani ya kitabu hicho kuna kisa kingine kinachostahili kusomwa pamoja na cha Mombasa. Mwaka 1587, anasema padri, Wazimba walifika mbele ya Kilwa, nayo ni kisiwa. Walikaa bara wakiyatazama maji wasijue pa kuvukia. Usiku mmoja akatoka Mwislamu wa Kilwa, akaenda kwa mkuu wao, akamwambia kwamba yeye anakijua kivuko kinachopitika bahari ikipwa. Malipo aliyoyataka ni uhai wake na wa jamaa zake, na sehemu ya mali. Jeshi likavuka, Kilwa ikaangamia, watu 3,000 wakauawa au kutekwa. Kisha mkuu wa Wazimba akamgeukia yule msaliti: mtu aliyewatoa ndugu zake hafai hata kuliwa. Akaamuru atupwe baharini yeye na jamaa zake, waliwe na samaki.

Ni kisa kilichokamilika, kina kosa na kina adhabu. Hata mla watu ndani yake anajua kwamba usaliti ni uchafu. Miaka miwili baadaye, katika kitabu hicho hicho, jeshi hilo hilo linasimama mbele ya kivuko kingine cha maji kupwa. Safari hii anayelifungulia njia ni jemadari Mkristo mwenye merikebu 20, ambaye bila ridhaa yake hakuna ambaye angevuka. Padri hamtafutii adhabu ya kufanana na ile. Mauaji ya Mvita yanakuwa hukumu iliyowashukia wenyeji kwa kuwakaribisha Waturuki, na Mreno anaonekana zaidi katika dakika ile anapomvuta mtu majini kumwokoa.

Je, padri alidanganya? Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na msomaji wa pwani huenda akatosheka na jibu hilo. Lakini methali hiyo humwona mwamba ngoma kuwa mjanja anayejua anachokifanya. Dos Santos haonekani hivyo. Alikuwa mtu mwenye macho makali, aliyeandika kwa uangalifu juu ya viboko, nguva na mazao ya nchi aliyoishi. Tatizo lake liko ndani zaidi. Aliamini kwa dhati kwamba Mungu alikuwa akiiadhibu Mombasa, na mtu anayeamini hivyo hawezi kumwona Sousa Coutinho kama bawabu aliyeondoka mlangoni. Anamwona kama mtu aliyesimama kando mkono wa Mungu ukipita. Kwa Kilwa maadili yake yalimwonyesha msaliti. Kwa Mombasa maadili hayo hayo yalimficha. Macho ni yale yale, na kivuko ni cha namna moja.

Upande wa pili nao ulikuwa na mizani yake. Kwa Mwislamu wa Mvita, jambo la kwanza kuhesabiwa lilikuwa kwamba Mkristo aliwaachia washenzi kuwaua waumini. Kwa Mmalindi, lilikuwa kwamba Mombasa ilijitakia. Na kwa Malindi hadithi haikuishia hapo, kwa sababu jeshi liliendelea kaskazini hadi kwenye malango yao, likavunjwa na Wasegeju, ambao kizazi chao kipo Kwale na Tanga hadi leo, wakipigana pamoja na Wareno wachache. Muda si mrefu Mombasa ikawa mikononi mwa sultani wa Malindi, na 1593 Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu, iliyochorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Aliyeshinda akapata kiti, na pamoja na kiti akapata nafasi ya kueleza kwa nini alistahili kukipata.

Wanahistoria wa karne ya 20 walipoyarudia maandishi haya, kila kundi lilikuja na kinachouuma moyo wake. Edward Alpers, katika kitabu chake cha 1975 juu ya pembe na watumwa, aliwatazama Wazimba kwa jicho la biashara: kuingia kwa Wareno kulikuwa kumeivuruga njia ya pembe za ndovu ya watu wa Maravi, na vita vya Wazimba vilitokana na mvurugo huo. Matthew Schoffeleers aliwahusisha na dola ya Lundu, katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Malyn Newitt alitia shaka kama ni sahihi kuwadhania Wazimba wote kuwa jeshi moja. Mwaka 2011 Eric Allina aliandika makala iliyowaweka Wazimba na Wareno katika swali moja la ulaji watu, akionyesha jinsi tuhuma ile ilivyofanya kazi katika siasa za wakati huo. Hata Mir Ali Bey ana kesi yake. Wareno walimwita haramia, na kwa muda mrefu wataalamu walilikubali jina hilo, hadi mwanahistoria Giancarlo Casale alipoleta hoja kwamba safari zake zilikuwa sehemu ya mpango wa dola. Haramia au afisa wa serikali? Merikebu ni zile zile tano. Jibu linategemea kama msomaji yuko tayari kuamini kwamba Waislamu wa Bahari ya Hindi walikuwa na siasa, au walikuwa na fujo tu.

Kuhusu ulaji watu wenyewe, pwani ya Waswahili ina namna yake ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1979 William Arens, mtaalamu wa elimu ya jamii na mila aliyefanya utafiti wake Tanzania, alichapisha kitabu kilichotilia shaka karibu tuhuma zote za ulaji watu duniani. Miongoni mwa yaliyomfungua macho ni kwamba wenyeji aliokaa nao walimdhania yeye, Mzungu, kuwa mchinjachinja anayenyonya damu. Mombasa nayo iliwajua mumiani. Enzi za ukoloni, kote Afrika Mashariki, watu walisimuliana kwamba wazimamoto na wakubwa wao huwakamata wapita njia usiku na kuwakamua damu ikafanyiwe dawa. Luise White alikusanya simulizi hizo na kuzichapisha mwaka 2000. Hakudai kwamba damu ilinyonywa kweli. Aliuliza zilikuwa zikisema nini, na zilisema kitu cha kweli: kuna nguvu imeingia mjini, inachukua miili ya watu kwa kazi, kodi na kipimo cha hospitali, na haiulizwi na mtu.

Padri aliyemwogopa Mzimba na kibarua aliyewaogopa wazimamoto wangeelewana vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Kila mmoja aliutazama uwezo usioheshimu chochote alichokiheshimu yeye, akaupa jina baya kuliko yote aliyoyajua.

Mtu anayetaka kuona maadili ya msimuliaji yakikipanga kisa kwa mara ya pili hahitaji kwenda mbali. Avuke daraja arudi kisiwani, ashuke Mji wa Kale, apite Ndia Kuu ambayo Wareno waliiita Raposeira, na asimame mbele ya lango la Ngome. Juu ya mlango kuna jiwe lenye maandishi ya mwaka 1635, ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu kwamba aliijenga upya ngome na kuwatiisha watu wa pwani. Jiwe linataja ushindi. Sababu iliyofanya ngome ihitaji kujengwa upya baada ya miaka 40 tu haikupewa nafasi kubwa.

Sababu hiyo ilikuwa na jina: Yusuf bin Hasan. Babake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa Kireno na mwaka 1614 akakimbia kisiwa, akaenda bara kutafuta hifadhi upande wa Rabai. Watu aliowakimbilia walilipwa wakamuua, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe, akiwa bado mtoto mdogo, alichukuliwa huko huko Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 akarejeshwa Mombasa awe sultani Mkristo wa mji wa Waislamu. Miaka mitano baadaye habari zilimfikia kapteni kwamba mfalme ameonekana kwenye kaburi la babake akisali kwa desturi ya Kiislamu. Ikazungumzwa habari ya kumpeleka Goa. Hakungoja. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngome na watu wake na kumuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Siku zilizofuata Wakristo waliuawa, wanaume, wanawake na watoto, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika waliobatizwa. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa mwanzoni mwa 1632 kilishindwa. Mwaka huo huo Yusuf aliiharibu ngome, akatweka tanga, akaishi baharini akiwashambulia Wareno hadi kifo chake mwaka 1638.

Kwa Kanisa, Wakristo waliouawa ni mashahidi wa Mombasa, yaani wafiadini. Uchunguzi ulifunguliwa Goa na mashahidi wa macho wakahojiwa, na ni kutokana na karatasi hizo kwamba mengi ya yale yanayojulikana yamehifadhiwa. G. S. P. Freeman-Grenville alizichapisha mwaka 1980. Lakini uchunguzi wa ushahidi wa imani una swali lake mahususi: je, watu hawa waliuawa kwa chuki dhidi ya dini yao? Anayeulizwa swali hilo hujibu hilo. Ataeleza nani alitakiwa kuikana imani akakataa, nani alikufa akiomba, nani alimtia moyo mwenzake. Kichwa cha Sultani Hasan hakimo katika swali, basi hakijitokezi kwa uzito katika jibu. Hakuna aliyeficha kitu. Swali ndilo lililochagua.

Baada ya 1963, Kenya huru ilipotafuta mababu wa upinzani, Yusuf akapata kazi mpya. Akawa mmoja wa watangulizi wa waliosema hapana kwa Mzungu. Usimulizi huu nao ulianzia pahali pake: ulianza na kichwa kilichopelekwa Goa, na una haki ya kuanzia hapo, maana mwana hawezi kuambiwa aihesabu historia kuanzia siku aliyoshika jambia na kuiacha siku babake alipouawa. Ila nao una watu usiowaona. Wale Waafrika waliobatizwa, waliouawa kwa amri yake, hawaenei katika hadithi ya ukombozi. Hawakuwa Wareno. Walikuwa watu wa pwani hii, na pengine baadhi yao walikuwa watumwa ambao kanisa lilikuwa mahali pa kwanza kuwaita kwa jina. Vitabu vya ukombozi huwataja kwa nadra, kama vile karatasi za Goa zinavyokitaja kile kichwa.

Hapa ndipo wengi huinua mikono na kusema kila mtu ana ukweli wake. Si kweli. Kichwa kilipelekwa Goa au hakikupelekwa, na kilipelekwa. Watoto waliuawa au hawakuuawa, na waliuawa. Merikebu za Makupa ziliondolewa na Wareno, wala hakuna maandishi yanayosema vinginevyo. Mambo haya hayabadiliki kwa kubadilika kwa msemaji. Kinachobadilika ni lipi litangulie, lipi lifuate, na maiti wa nani wahesabiwe. Na mpangilio huo hautokani na uzembe wa kusoma. Unatokana na jambo ambalo mtu anaona ni haramu kulivuka: kwa mmoja ni imani, kwa mwingine ni damu ya baba, kwa wa tatu ni uhuru wa nchi. Ndiyo maana hati mpya ikigunduliwa haizimi ubishi. Kila upande huipokea, huikubali, kisha huipa nafasi katika foleni.

Waingereza walipokuja na sheria zao walidhani wamepata dawa ya maradhi haya, nayo ni karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai kwenye ukanda wa pwani alipeleke kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa, au dai lisilothibitika, ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Kwa afisa, huko kulikuwa kuutafuta ukweli kwa njia safi. Lakini pwani ilikuwa na ushahidi wa aina nyingine. Mnazi uliweza kuwa na mwenyewe na udongo chini yake ukawa na mwingine. Kaburi lilikuwa hati. Majina ya mataifa ya Mvita, Wachangamwe miongoni mwao, yalikuwa yenyewe yakitaja mahali. Sheria iliyoamua kwamba wino ni ushahidi na mnazi si ushahidi ilikuwa imeshatoa hukumu ya kimaadili kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa. Matokeo yake yanaonekana hadi leo katika neno moja linalotumika pwani nzima kuwaita waliozaliwa kwenye ardhi ya mababu wasiwe na karatasi: maskwota.

Na Makupa? Reli ilivuka hapa mwishoni mwa miaka ya 1890 kwa daraja lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Mwaka 1929 likajengwa tuta la mawe na udongo, na kivuko cha zamani kikazikwa chini yake. Kwa wahandisi na watu wa bandari hilo lilikuwa jambo la kujivunia: magari na mabehewa yalipita usiku na mchana, maji yajae yapwe. Ila tuta lilikata mawasiliano ya maji kati ya hori la Tudor na lile la Port Reitz. Bahari iliyozoea kuzunguka kisiwa ikafika Makupa ikagonga ukuta. Mwaka 1988 takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika katika hori hili lililozibwa, na mikoko ikafa ikiwa imesimama, mizizi yake imefunikwa na lami nyeusi. Mvuvi na mhandisi wote walikuwa wakilitazama tuta lile lile. Mmoja alihesabu mizigo iliyopita juu yake, mwingine alihesabu samaki ambao hawakupita chini yake, na hesabu zote mbili zilikuwa sahihi.

Kisha likaja jaa. Malori ya mji yalimwaga taka ukingoni mwa maji hadi kilima kikasimama, kikifuka moshi mchana na usiku, kunguru na korongo wakigombea cha kwao pamoja na watu wenye magunia. Ugomvi juu ya jaa la Kibarani uliendelea kwa miaka. Kwa watu wa mazingira na wakazi wa jirani, moshi ule ulikuwa sumu kwenye vifua vya watoto na uchafu uliotiririka baharini. Kwa mama aliyeokota chupa na vyuma chakavu, jaa lilikuwa kazi isiyoomba cheti wala jamaa ofisini, na kulifunga bila kumwonyesha kazi nyingine kulikuwa ni kumhukumu njaa. Yeye hakukana kwamba moshi unaumiza. Aliuvuta kuliko wote. Alipoambiwa habari za afya alijibu kwa habari za unga, na wasikilizaji wakadhani haelewi, kumbe ameelewa vizuri ila anaanzia kuhesabu mahali pengine. Jambo hili liumize moyo wa kila anayeupenda mji huu: mara nyingi anayeonekana kubisha ukweli anauliza tu kwa nini ukweli wake uje wa mwisho.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali ya kaunti ililifunga jaa, taka zikapelekwa Mwakirunge, udongo ukamwagwa juu ya kilima na miti ikapandwa. Agosti 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa lenye urefu wa mita 457, ili tuta la 1929 liondoke na maji yapite tena baada ya zaidi ya miaka 90.

Sasa mtu anaweza kusimama Kibarani na kutazama. Kisiwa kiko mbele yake, karibu kuliko kinavyoonekana kwenye ramani. Kila neno lililobaki kuhusu Machi 1589 liliandikwa na watu waliokitazama kivuko hiki kutoka upande ule au kutoka baharini: kutoka sitaha ya merikebu, kutoka Goa, kutoka chumba cha padri huko Ureno. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa kutoka upande huu, na mkuu aliyewasiliana na jemadari wa Kireno hakuachiwa hata jina. Kama angekuwapo mwandishi katika kambi yake, huenda asingeanza na Mungu, wala na Waturuki, wala na nyama ya watu. Huenda angeanza na kitu alichokiona asubuhi ile bahari ikipwa: merikebu mbili zilizomzuia zimeondoshwa, na waliozichukua wamemwashiria apite.